Swali la Mgeni

Jumanne, saa kumi alasiri, mvua ilikuwa kubwa, umeme umekatika, na wingu lilikuwa limetia giza chumbani. Rafiki yangu, mwalimu wa fasihi, alikuwa akimfundisha ufahamu binti wa kaka yake. Binti alikwisha kufeli mara mbili. Akifeli kesho, shule ndiyo basi.

"Mgeni alibisha hodi mara ngapi?"

"Saba, shangazi."

"Tatu! Nimekusomea kifungu mara nne, mwanangu. Masikio umeyaacha sokoni?"

Binti akaangua kilio. "Nihurumie, shangazi. Mimi nasikia saba."

Mwalimu akafunga kitabu, amekata tamaa. Ndipo mlango wa stoo, wenye kufuli, ulipobishwa kutoka ndani: moja, mbili, tatu.

Ya nne ilipogonga, kalamu nyekundu ilimponyoka. Binti alikuwa ameshaziba masikio. Shangazi alihesabu peke yake, hadi saba.