Dakika Zilizoibwa Kiwandani

Kila asubuhi, Keziah Ormerod na mama yake walivaa viatu vyao vya mbao, wakajitanda shali na kushika njia ya kiwandani. Keziah alikuwa na miaka kumi na mmoja. Enzi zile za Malkia Victoria, katika miji ya pamba ya Lancashire, mtoto wa maskini wa umri wake alifanya kazi nusu siku na kusoma nusu iliyobaki. Ndivyo sheria ilivyosema.

Asubuhi nzima alipita katikati ya mashine akiunga nyuzi zilizokatika. Mashine zilinguruma hata watu wakazungumza kwa kusomana midomo. Saa kubwa ya ukutani ilipofika sita na nusu, watoto waliachiwa. Keziah alikimbia huku anatafuna mkate wake, maana shule ilianza saa saba na mwendo ulikuwa wa dakika kumi tu.

Hata hivyo, kila siku alichelewa.

"Keziah Ormerod!" alifoka Mwalimu Thwaite, mama mmoja mrefu asiyependa mchezo. "Hii ni mara ya nne wiki hii. Ulikuwa unacheza wapi?"

"Sijacheza, Mwalimu. Nimetoka saa sita na nusu, nikakimbia."

"Ulikimbia au ulitambaa? Usiniongopee, mtoto wewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Keziah alichapwa fimbo mbili za kiganja. Fimbo hazikumuuma sana. Kilichomuuma ni kuitwa mwongo.

Siku ya pili, alipofika kanisani karibu na shule, alisimama akaitazama saa ya mnarani. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Akapiga hesabu, akarudia tena. Kisha akaingia darasani, akanyoosha kiganja kabla hajaulizwa.

"Nichape, Mwalimu. Lakini kwanza niambie nusu saa yangu imekwenda wapi. Saa ya kiwanda ilisema sita na nusu. Njia ni dakika kumi. Saa ya kanisa inasema saba na dakika kumi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Thwaite akaiweka fimbo mezani.

"Saa yenu inarudishwa nyuma," alisema polepole. "Wanawazidishia kazi, na mimi ninakuchapa kwa ajili yao. Nisamehe, Keziah. Leo hii ninamwandikia mkaguzi wa viwanda. Lakini akija, atahitaji mtu wa mle ndani aseme. Mimi si wa mle ndani."

Nyumbani, mama yake Keziah, Esther, alisikia habari hizo akaacha kukoroga uji.

"Funga mdomo wako! Kiwanda ni cha Bwana Haworth, na nyumba hii ni ya Bwana Haworth. Akitufukuza tutakwenda wapi? Kwenye nyumba ya kutunzia maskini? Kule watanitenganisha nawe mlangoni!"

"Lakini mama, wanatuibia."

"Najua wanatuibia. Unadhani miguu yangu haijui?"

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja, msimamizi wao, Bwana Sugden, aliingia mbiombio, akapanda ngazi na kuisukuma mishale ya saa mbele kwa vidole. Ndiyo kwanza alikuwa ameteremka, mkaguzi akaingia. Mashine zikasimamishwa. Mkaguzi akatoa saa yake mfukoni, akaitazama ile ya ukutani.

"Zinalingana," alisema. "Kuna mwenye malalamiko?"

Wafanyakazi wote walitazama sakafu. Bwana Sugden akatabasamu.

"Imesogezwa sasa hivi!" Keziah alisema. Baada ya makelele ya mashine, sauti yake ilisikika mpaka pembeni. "Nimemwona."

"Huyu?" Bwana Sugden alicheka. "Bwana mkubwa, huyu hajui hata kusoma saa!"

Mkaguzi akainama, akamwonyesha saa yake. "Ni saa ngapi, binti?"

"Saa tatu na dakika kumi na saba. Na sasa tazama vidole vyake, bwana. Saa ile haijafutwa vumbi wala masizi tangu nije hapa."

Vidole vya Bwana Sugden vilikuwa vyeusi tii. Akavificha nyuma.

"Nilikuwa natia mafuta mashine! Nani mwingine ameona kitu? Nani?"

Esther alimtazama binti yake aliyesimama peke yake, akasogea akasimama kando yake.

"Mimi nimeona," alisema. "Asubuhi, tukishaanza kazi, huirudisha nyuma, na jioni huisogeza mbele tena."

"Na mimi," akadakia mwanamke wa mashine ya pili. "Kila siku!"

"Na mimi!" "Na mimi!" Sauti zikazagaa chumba kizima.

Bwana Haworth alishtakiwa na kutozwa faini, na mkaguzi akaamuru kiwanda kifuate saa ya kanisa. Lakini kesho yake, Bwana Sugden alisimama langoni, mikono kiunoni.

"Wote ingieni, isipokuwa Ormerod na kibinti chake. Midomo mirefu haina kazi hapa."

Hakuna aliyeingia. Wanawake walijipanga barabarani, shali vichwani, mvua ikiwanyeshea. Ndani, injini ilizunguka bila mtu hata mmoja kwenye mashine. Mmoja akapaza sauti: "Bwana Sugden, si uunge nyuzi mwenyewe? Una vidole vyepesi!" Vicheko vikalipuka. Ilipogonga saa mbili, Bwana Haworth mwenyewe alikuja akaamuru lango lifunguliwe kwa wote.

Mchana ule, watoto walitoka saa sita na nusu ya kweli. Esther alimsindikiza binti yake hadi langoni.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani kunyamaza ndiko kutakakotulinda. Kumbe kimya chetu ndicho walichokitegemea. Sisi ni maskini, lakini umaskini haumpi mtu ruhusa ya kutuibia. Ukiona dhulma, iseme kweli yake waziwazi, hata kama sauti yako inatetemeka. Wengine wanangoja mmoja aanze."

Keziah aliitikia kwa kichwa, akaumega mkate wake, akampa mama yake nusu. Kisha akaenda shuleni akitembea, wala hakukimbia.