Koki Iliyofunguliwa Mapema

Kufuli la ghala lilikuwa zima, mlango mzima, pikipiki haipo.

"Imeyeyuka?" aliuliza Inspekta Laker, akilikagua doa la oili sakafuni.

"Imeibwa leo tukiwa ibadani, afande!" alifoka Mzee Sylvanus Wandera, Mkenya mwenye duka kubwa la spea Kisenyi. Bado alikuwa na suti ya kanisani. "Pikipiki ya Kiingereza, ya marehemu baba! Mnunuzi anaijia kesho. Ufunguo wangu haujatoka nyumbani, na mwingine anao fundi wangu Kidega. Mfungeni!"

Askari wa zamu walikuwa wamekwisha kumfunga. Laker alimkuta mahabusu, macho mekundu.

"Jumamosi ninajitambulisha kwa wakwe, Gulu," Kidega alisema. "Wakisikia nimelala selo kwa wizi, nani atanipa binti yao?"

Laker, binti wa askari aliyekulia kambini, alijua jina la mwizi likikuganda halibanduki. Alimhurumia, lakini huruma si ushahidi.

"Nani anaweza kuiendesha?"

"Si kila mtu. Oili yake haikai kwenye injini, inakaa kwenye tangi chini ya kiti. Ukiegesha, inateremka polepole hadi tumbo la injini. Ndiyo maana ina koki. Ukiegesha, funga. Ukiondoka, fungua."

"Ukisahau kufungua?"

"Injini inazunguka kavu. Hufiki mbali, inashika na kufa."

"Basi mwizi aliijua koki."

"Sana!" alisema Kidega, kisha akashika kichwa. "Yesu wangu, najichongea mwenyewe!"

Laker aliuma midomo asicheke. Akarudi Kisenyi kwa Santina, anayekaanga chapati mbele ya ghala.

"Nilimwona! Helmeti, koti refu la mvua," alisema Santina. "Alipopiga kiki, weee! Moshi mweupe mpaka sikuona chapati zangu. Nilikohoa kama mbuzi."

Moshi. Laker aliondoka mbio hadi mahabusu.

"Wewe ukiiwasha, inatoa moshi mwingi?"

"Kwangu? Thubutu!" Kidega aliudhika kabisa. "Moshi wa namna hiyo ni oili iliyojaa tumbo la injini. Koki iliachwa wazi siku kadhaa."

"Pengine uliifungua wewe, ukijiandaa kuiba."

"Afande, hata ningekuwa mwizi, ningekuwa mwizi mwenye adabu!"

Hapo Laker alicheka waziwazi. Mwizi alijua koki lazima ifunguliwe, akahofia kusahau kwenye haraka, akaifungua mapema. Fundi hafanyi hivyo. Anafanya mtu aliyefundishwa zamani, nusunusu.

Nyumbani kwa Wandera, mkewe Mama Vera alimwandalia chai.

"Wiki hii nani ameingia ghalani?" Laker aliuliza.

"Mimi na Kidega tu," alisema Wandera.

"Mama hujawahi?"

"Nilifagia Alhamisi," Mama Vera alijibu taratibu.

"Na pikipiki ile, uliwahi kuipanda?"

"Huyu?" Wandera alitabasamu mara ya kwanza siku hiyo. "Enzi za uchumba hakushuka! Mimi nimeshika usukani, koki ilikuwa kazi yake. Nikisema 'oili!' anainama anafungua."

Laker akamgeukia mama. "Ibada ya leo ulikaa wapi?"

"Na kina mama. Yeye hukaa mbele na wazee."

"Mhubiri alisoma andiko gani?"

Mama Vera alichukua birika, akaongeza chai kwenye kikombe kilichojaa.

"Kidega yuko selo, mama. Jumamosi yake inaharibika."

"Selo?" Mama Vera alitua birika kwa kishindo. "Mzee, si uliniambia wanamhoji tu? Mwachieni mtoto wa watu! Mimi ndiye niliyeichukua."

Wandera aliinuka kitini. "Wewe? Uliiendesha?"

"Nani alinifundisha? Iko Ggaba, kwenye stoo ya samaki ya dada yangu."

"Kwa nini, mama?" Laker aliuliza.

"Alinichumbia juu ya ile pikipiki. Vera tulimtoa hospitali tumempakata juu ya ile pikipiki. Leo anaiuza kama spea za dukani, haniulizi!" Machozi yakamtoka. "Nilijua mnunuzi akiikosa ataondoka zake. Koki niliifungua Alhamisi nisije nikasahau. Mzee, wewe mwenyewe ulinitisha: bila oili, imekufa."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unasoma gazeti."

Wandera aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa usoni.

"Mlalamikaji, tunaendelea na kesi?" Laker aliuliza.

"Kesi gani, afande? Mtu anaiba kilicho chake?" Akachukua simu, akamwambia mnunuzi asijisumbue. Kisha wakaenda wote kituoni, akamwomba Kidega msamaha mbele ya askari. "Jumamosi tunakwenda Gulu pamoja. Nitawaambia wakwe kwa kinywa changu kwamba nilikukosea."

Kidega alipumua. Halafu akamgeukia Mama Vera kwa wasiwasi.

"Mama, ulipoegesha Ggaba, koki ulifunga?"

"Nilifunga."

"Ahsante Mungu!"

Huko Ggaba, Kidega aliikagua injini hadi akaridhika. Wandera akanyoosha mkono kuchukua helmeti. Mama Vera alikuwa ameshaivaa.

"Nyuma," alisema.

Wauza samaki wakapiga vigelegele mzee akipanda nyuma na suti yake. Laker alicheka hadi akafuta machozi.

"Oili!" mama aliamuru.

Mzee Wandera akainama, akafungua koki.