Mkono wa Mstaarabu

Dereva wa gari la mikate alikuwa na jina la mtaani alilolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Watu walimwita Mstaarabu. Kila asubuhi, akitoka kiwandani na kreti za mikate ya moto, alifika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu kilicho mbele ya soko. Madereva wengine pale hawasimami ng'o. Yeye alisimama, akatoa mkono dirishani na kuupunga: pita, pita. Akina mama walipita wakimshukuru, naye akajiona mtu wa maana mpaka saa ya kula.

Barabara ile ilikuwa pana. Magari mawili yaliweza kwenda sambamba upande mmoja. Mstaarabu alilijua hilo miaka yote, ila hakuwahi kulifikiria.

Asubuhi moja, aliyesimama ukingoni alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Alikuwa fundi cherehani wa pale sokoni, na kichwani alibeba furushi la sare za shule. Mstaarabu alisimamisha gari, pua ikigusa mistari ya kivuko. Shemeji alisita. Mstaarabu akacheka, akampungia mkono haraka haraka, kama mtu anayemhimiza mgeni aingie ndani. Shemeji naye akacheka, akapita mbele ya gari. Alipomaliza tu upana wa gari, pikipiki iliyokuwa ikilipita gari la mikate ikamkumba.

Sare zilitapakaa barabarani. Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili, juu ya goti na chini yake.

Polisi alipouliza, Mstaarabu alisema nusu ya ukweli. Alisema yeye alisimama, na pikipiki ikaja mbio. La mkono hakulitaja. Mwenye pikipiki alishtakiwa kwa kupita gari lililosimama kwenye kivuko, na alistahili. Lakini mtaa haukosi la kusema. Kwani yule fundi hana macho? Anaingiaje barabarani kama anaingia chumbani kwake? Hata mama yake mzazi aliyasema hayo, tena mbele ya kitanda cha hospitali. Mstaarabu alikuwepo, ameshika mkate aliomletea mgonjwa, akanyamaza kimya. Huo ndio uliokuwa ustaarabu wake.

Wiki ya tatu alikwenda tena wodini. Nesi wa wodi ya mifupa alikuwa akibadilisha bandeji, na Mstaarabu akaanza wimbo wake wa kuwalaani waendesha pikipiki. Nesi alimsikiliza mpaka akachoka. Kisha akachukua boksi la dawa, akaliweka juu ya meza, na mbele yake akaweka kikombe.

"Boksi ni gari lililosimama," alisema. "Kikombe ni huyu dada. Anayekuja kutoka nyuma ya gari, upande wa pili, anamwona?"

"Hamwoni," Mstaarabu alijibu.

"Naye dada hamwoni anayekuja. Gari lililosimama ni ukuta."

"Kwa hiyo tusiwasimamie watu?" Mstaarabu aliuliza kwa ukali.

"Msimame. Ila dereva apunguze mwendo mapema, atazame vioo, asimame mbali kidogo na mistari ili anayevuka aonekane. Na mkono aubakize kwenye usukani. Akimpungia mtu, yule anaamini barabara yote ni salama. Dereva ana uhakika na upande wake tu. Wengi waliolala humu walipungiwa mkono."

Akamgeukia mgonjwa. Akamweleza kwamba mwenda kwa miguu akifika mwisho wa gari lililosimama, asimame tena. Achungulie, asubiri mpaka na la pili lisimame. Asimwachie mtu mwingine kazi ya macho yake. Na mwenye pikipiki akikuta gari limesimama kwenye kivuko, naye asimame, hata kama hajui limesimamia nini. Alipomaliza, akasukuma kitoroli chake kwenda kitanda kingine.

Mstaarabu alitazama sakafu. Alimwogopa mwanamke yule aliyelala, na alijua kwa nini.

"Mwenye pikipiki sikumwona, shemeji," fundi alisema polepole. "Wewe ndiye niliyekuona. Wiki tatu sasa naitwa kipofu, nawe unasimama hapo hapo unasikia."

Siku ile ile Mstaarabu alikwenda kwa mama mkwe akasema yote. Kisha akaenda kituo cha polisi akaeleza upya. Mama mkwe hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mifupa iliunga, lakini goti likagoma kukunjika. Fundi alijaribu kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na siku ya nne akaiacha. Sasa alishona vifungo na pindo kwa mkono, kazi ya kutwa nzima kwa kipato cha kitoto.

Mstaarabu alibadilika. Alipunguza mwendo mapema, akatazama vioo, akasimama mbali na mistari. Hakumpungia mtu tena. Pale sokoni wakasema ameota pembe, siku hizi anaringa, hata salamu hatoi. Aliwaelewesha waliotaka kusikia. Wengine walimcheka, wengine wakaanza kufanya alivyosema.

Mwezi mmoja baadaye, mama mmoja aliyemshika mtoto mkono alivuka mbele yake. Alipofika mwisho wa gari alisimama, akachungulia. Gari dogo likapita kasi. Mama akamvuta mtoto, akangoja, kisha wakavuka wazima.

Mstaarabu alimaliza kugawa mikate akaenda moja kwa moja kwa shemeji, akamsimulia, akitegemea kidogo kusamehewa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Nimefurahi kwa ajili ya huyo mama, na mtoto wake," alisema. "Endelea hivyo hivyo. Lakini habari kama hizo kampe dada yangu, mkeo. Mimi usiniletee."

Mstaarabu alisema amesikia. Kesho yake asubuhi alisimama tena mbali na mistari ya kivuko, mikono yote miwili kwenye usukani, na watu wakavuka bila kumtazama.