Samawati ya Stotinki Hamsini

Saa tisa alasiri, kivuli cha Stamena kilikuwa bado kimelalia magharibi.

Aliyekiona kwanza ni jirani, aliyekuwa akianika mazulia juu ya uzio. Kivuli cha mzabibu kililalia mashariki, cha ndoo vilevile, na cha paka. Cha Stamena peke yake kilielekea ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba kuukuu iliyokuwa ikikarabatiwa, na urefu wake ulikuwa uleule wa saa nne asubuhi.

"Dada, hebu geuka," jirani alisema.

Stamena akageuka. Kivuli hakikugeuka. Jirani akapiga ishara ya msalaba, akakusanya mazulia yake yangali mabichi, akaingia ndani.

Ilikuwa Aprili 1984, Plovdiv, Bulgaria. Asubuhi ile mume wa Stamena, Evlogi, karani mstaafu wa posta, alikuwa amerudi kutoka nyumba ile ya ng'ambo na bahasha mkononi. Fundi Zapryan, mwashi, aliikuta ukutani kati ya mawe mawili, akamuuzia kwa chupa mbili za rakia, pombe kali ya matunda. Juu yake palikuwa na stempu ya deni, ile ambayo posta huibandika kwenye barua isiyolipiwa nauli ili mpokeaji alipe. Stotinki hamsini, yaani senti hamsini za huko, samawati, toleo la kwanza kabisa, la miaka mia iliyopita. Stempu hiyo ni adimu hata ikiwa peke yake. Ikiwa juu ya bahasha yake, Evlogi alijua wenzake wa chama cha wakusanya stempu wangemchukia kwa wivu. Alikuwa amengoja kuchukiwa hivyo kwa miaka thelathini, na maonyesho ya chama yalibakiza siku arobaini.

Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na uzi mwekundu.

Evlogi alikuwa mtu wa kupima. Alipima matundu ya kingo za stempu, unene wa karatasi, upana wa mihuri.

"Mama Rusi," alimwambia mkewe saa nne, "simama hapo juani."

"Nina unga mikononi."

"Simama tu, mke wangu. Dakika moja."

Akautandaza uzi juu ya mawe ya ua, kuanzia kisigino cha mkewe hadi ncha ya kivuli chake. Ulitosha kamili. Akacheka, akaandika urefu huo daftarini.

Katika mji ule hata mtoto anajua desturi ya waashi wa zamani. Walipima kwa siri kivuli cha mpita njia, wakakijenga kipimo chake ndani ya ukuta ili usianguke. Baada ya siku arobaini mwenye kivuli alikufa, akawa jini la ukuta, talasam, mlinzi asiyelala. Evlogi aliijua desturi hiyo. Aliiona ni habari nzuri ya kuandika chini ya bahasha kwenye fremu ya maonyesho.

Wiki ya pili Stamena alianza kunusa chokaa mbichi kwenye mkate, kwenye mto, kwenye viganja vyake. Wiki ya tatu alisikia mwiko wa mwashi ukigonga jiwe, akatoka kumfokea Zapryan, akakuta mafundi wamekwenda kula, na mlio ukaendelea taratibu, gonga, kwangua, gonga, hata alipoziba masikio, kwa sababu haukutoka nje bali chini ya mbavu zake, na kila jiwe lilipokaa mahali pake pumzi yake ilipungua kidogo, kama mtu anayejengewa chumba kwa kipimo cha kifua chake. Siku ya ishirini na tano alitapika kitu cheupe. Kiligandia beseni.

Ndipo alipokwenda kwa Bibi Gana, mganga anayeyeyusha risasi na kuimimina majini. Evlogi alimsindikiza. Risasi ilichemka, ikazama, ikatoka na umbo la ukuta wenye pengo.

"Nani alikupima?" Bibi Gana alinong'ona.

"Mume wangu."

"Hee! Waume wengine huwapima wake zao wawanunulie viatu." Akamgeukia Evlogi. "Rudisha kila kitu ukutani kama kilivyotoka. Uzi, bahasha, na kilichobandikwa. Ukuta haupokei nusu. Ukiupa pungufu, siku ya arobaini unamchukua aliyepimwa mwisho."

"Na stempu pia?"

"Mkeo anatapika chokaa, mzee, wewe unaulizia stempu."

Jioni Evlogi alimpelekea Zapryan bahasha, naye akaisukuma nyuma ya jiwe. Mlio haukukoma. Miguu ya Stamena ikawa baridi hadi magotini.

Siku ya thelathini na nane alivuka barabara akijikongoja.

"Nitolee, Fundi."

"Mama, mumeo atanisema."

"Nitolee."

Zapryan akalegeza jiwe. Stamena aliitazama bahasha juani. Alikuwa ameishi na stempu miaka thelathini. Stempu ya zamani ilikuwa na matundu makubwa, ya pembe pembe. Hii ilikuwa na matundu madogo, na gundi mpya iling'aa kwenye kingo zake. Evlogi alikuwa ameibandua ile halisi kwa mvuke wa birika, akaweka ya bei rahisi.

Hakulia. Aliichukua bahasha na uzi wake, akarudi nyumbani.

"Baba Rusi," alisema mlangoni, "nionyeshe ile samawati kabla sijafa."

Evlogi alibabaika. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba hivyo, akaileta.

"Rangi haionekani ndani," mkewe alisema. "Wewe mwenyewe husema."

"Dakika mbili tu. Jua hula rangi."

Akasimama uani, kibano mkono mmoja, lenzi mkono wa pili. Mwili wake ulikuwa mrefu, na kivuli kilizidi uzi. Stamena aliketi nyuma yake, akautandaza uzi kuanzia kisigino cha mumewe, akauliza juu ya matundu, juu ya mihuri, juu ya karatasi, na Evlogi akaeleza kwa furaha, dakika mbili zikawa thelathini, jua likapanda, kivuli kikarudi nyuma jiwe baada ya jiwe hadi kilipolingana na uzi juu ya mawe yaleyale.

"Unafanya nini huko chini?"

"Napima."

Kibano kikaanguka. Stamena akaiokota stempu. Angeweza kuirudisha ukutani, nao wote wawili wangepona. Alimpelekea Zapryan uzi na bahasha ileile yenye stempu ya bei rahisi, akasimama hapo hadi jiwe lilipozibwa kwa saruji.

"Rudisha, mke wangu," Evlogi alimwomba jioni hiyo. Kivuli chake kilikuwa kimelalia magharibi. "Nakuomba. Iweke yote."

"Ukuta umeshakauka."

Evlogi alikufa siku ya arobaini, kwenye maonyesho ambako Stamena aliipeleka stempu mwenyewe, dakika chache baada ya kupewa medali kwa ajili ya stempu ile. Mdomoni mwake walikuta chokaa.

Wapangaji wa nyumba ya ng'ambo walivumilia miezi miwili. Kisha mama mmoja akaja kwa Stamena, akiongea kwa sauti ya chini.

"Kuna mwanaume ukutani. Anaomba tumsogeze kwenye mwanga. Anauliza kama rangi imepauka. Tumwambie nini?"

Stamena alikuwa anakunja nguo. Miguu yake ilikuwa na joto, na kivuli chake kililalia mashariki kama vya watu wote. Dirishani, juani, stempu ilikuwa imelala bila kioo tangu Juni.

Akaichungulia.

"Mwambieni bado kidogo."