Kwa Nini Vidonge

Jumamosi moja ya mwaka 2013, katika soko la Kasulu, Firdausi alikuwa akigombania doti ya kitenge na mwanamke mwingine. Muuzaji akaikunja, akaiweka chini ya meza.

"Hii siuzi tena," alisema. "Dada wa gauni la bluu, pita kesho, nitakutafutia nyingine."

Kesho yake alimtolea ileile.

"Si ile ya jana hii?"

"Ndiyo. Ningekupa jana, leo ungerudi?"

Firdausi alicheka, akalipa. Muuzaji aliitwa Mudathiri, mrefu, shati lake limenyooshwa pasi hata siku za vumbi. Haukupita mwezi, simu zikawa za kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, Mudi. Unanilea kama mtoto."

Siku moja alimsimulia jambo lililompata. Saady, mdogo wake, alikufa kwa ajali ya pikipiki njia ya Kabanga. Baada ya hapo Mudathiri alimeza vidonge vya usingizi miaka mitatu, ndipo akaacha.

Firdausi alikuwa mnasihi wa watu walionaswa na ulevi na dawa. Kwenye semina Kibondo, wenzake walibishana kwa nini huyu anaangukia gongo na yule bangi. Firdausi akatoa mfano wa kijana muuza vitenge aliyeshindwa na msiba. Jina hakulitaja, lakini mshiriki mmoja wa Kasulu alimtambua. Wiki haikwisha, sokoni wakamwita Bwana Vidonge.

Mudathiri alipiga simu mara moja tu. "Nilikusimulia wewe, Firda. Sikuisimulia semina." Akakata, akafunga meza, akahamia Kibondo kwenye duka la mjomba wake Khatibu.

Hakupokea simu tena. Siku ya nne Firdausi alikiri kosa lake kwa mkuu wake wa kazi, kisha akapanda basi. Alifika dukani na baibui jeusi limegeuka jekundu kwa vumbi.

"Nimekukosea," alisema. "Sina la kujitetea."

Mudathiri aliendelea kupima kitambaa. "Na uliikosea hata hadithi yenyewe. Ulisema msiba."

"Haukuwa msiba?"

"Ingekuwa msiba tu, gongo ilipikwa nyumba ya jirani, ningekunywa hiyo. Lakini mlevi anaropoka. Mimi nilitaka kitu cha kuninyamazisha." Akaweka mkasi chini. "Nyumbani niliwaambia Saady ndiye aliyekuwa anaendesha. Aliyeendesha ni mimi."

Firdausi alishika ukingo wa meza. "Mama anajua?"

"Nilimwambia. Usiku ule nililala bila kidonge."

Kisha Mudathiri akauliza, "Wenzako wanakutana lini tena?"

"Jumatatu, hapahapa Kibondo. Lakini sikuja kukuomba hilo."

"Najua. Ungeniomba nisingekwenda."

Jumatatu alisimama mbele ya wanasihi ishirini, akataja jina lake kamili, akasimulia yote. "Mkimuuliza mtu kwa nini anatumia, atawatajia shida, na shida kila mtu anazo," alimalizia. "Muulizeni kwa nini kile, na si kingine. Hapo ndipo alipoficha neno lake."

Nje, Firdausi alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nimekusamehe," Mudathiri alisema. "Ila yangu mengine yabaki yetu."

"Yatabaki."

"Basi Ijumaa namtuma mjomba kwa wazee wako."

"Ijumaa natoka kazini saa tisa," Firdausi alijibu. "Mwambie aje saa kumi. Nataka niwepo."