Vidole vya Tumbaku

Dada yangu alipoachika alirudi kwangu, tukalima nyanya pamoja. Yeye alibeba pampu ya dawa mgongoni. Mimi niliondoa machipukizi ya pembeni, nikiyakata kwa kucha, mche baada ya mche. Kila baada ya mistari miwili nilikaa nikasokota tumbaku, nikavuta, nikarudi kazini. Mke wangu alinitania kwamba nikifa nitazikwa na mfuko wangu wa tumbaku. Nilicheka tu.

Wiki ya tano majani yakaingia mabaka ya manjano, yakajikunja. Dada akanyunyiza dawa ya kuvu. Wapi. Akanyunyiza ya wadudu. Wapi. Nikapandwa na hasira. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba amezidisha dawa, ameunguza shamba. Aliapa kwamba alipima kwa kifuniko, kama chupa ilivyoelekeza. Sikutaka kusikia.

"Toka kwangu," nilimwambia. "Umetuletea mkosi wako."

Alifunga virago siku hiyo hiyo. Mke wangu alinisihi nimrudishe, nikamwambia asiniingilie.

Siku tatu baadaye alikuja afisa ugani, mama asiye na haraka. Alitembea shamba zima, akasimama kwenye mistari miwili ya mwisho. Miche yake ilikuwa mizima kabisa.

"Hii haikupigwa dawa?" aliuliza.

"Shamba lote lilipigwa."

"Na machipukizi, mmeyaondoa?"

"Hapo bado sijafika."

Aliviangalia vidole vyangu, kisha mfuko wa tumbaku.

"Dawa haina kosa," alisema. "Hiki ni kirusi. Tumbaku inaweza kukibeba, hata ikiwa kavu. Wewe umekipeleka kwa kucha zako, kidonda hadi kidonda."

Mke wangu aliuliza dawa gani itakiua.

"Hakuna. Kuvu na wadudu wana seli, wanakula, wanakua. Kirusi hakina seli hata moja. Hakili, hakipumui. Ni maagizo tu ndani ya ganda dogo, dogo mno kwa macho. Nje ya mmea kinakaa kimya. Kikiingia kwenye seli ya mche, kinaigeuza kiwanda cha kutengeneza virusi vingine."

"Kwa hiyo wifi hakuunguza kitu," mke wangu alisema. Alikuwa ananitazama mimi.

Niliona aibu. Tuling'oa miche yote iliyougua, tukaichoma. Afisa alituagiza tuhamie shamba jingine, tununue mbegu safi, tusivute tumbaku shambani, tunawe kwa sabuni kabla ya kugusa mche. Tulifuata yote.

Msimu uliofuata nyanya zilizaa hadi matawi yakaelemewa. Nilijaza kikapu cha kwanza nikampelekea dada kwenye chumba alichopanga. Nilimweleza yote mlangoni, nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile nilikuapia," alisema. "Ukaja kumwamini mgeni."

Alipokea kikapu, akamwaga nyanya kwenye beseni, akanirudishia kikapu kitupu.

"Msalimie wifi," alisema, akafunga mlango.

Sasa kila asubuhi nanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Tumbaku nimeacha. Nyanya zangu hazina baka hata moja, na pampu naibeba mwenyewe.