Mshipi wa Kiti cha Abiria

Picha za gari hilo la kuuzwa zilikuwa sita mtandaoni, na katika zote sita mshipi wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu. Amolo aliliona hilo mara moja, akacheka. Kengele ya mshipi imeharibika, alijiambia, inalia hata kama hakuna mtu, na mwenye gari ameona afadhali aufunge kuliko kumwita fundi wa umeme.

Kawangware nzima hakuna aliyejua hila za wauza magari kama Amolo, kwa kuwa nusu ya hila hizo alizifanya kwa mikono yake. Kazi yake pale Kabiro ilikuwa kuosha magari yanayokwenda kupigwa picha: unalimwagia gari maji ili mikwaruzo isionekane, unalisugua zulia, unaacha unga wa kahawa chini ya viti umeze harufu. Basi alipofika Kibera kuliona lile gari jekundu la michezo, milango miwili, dalili zote za gari bovu zilikuwa wazi mbele yake. Injini ilikuwa imeshapashwa moto kabla hajafika. Bolti za boneti zilikuwa na alama za spana. Ndani kulining'inia manukato manne, na chini ya manukato hayo kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya mafuta ya samaki yaliyolala. Mtu mwenye akili zake angegeuza njia. Yeye akasema moyoni kwamba hakuna uvundo uliowahi kumshinda.

"Hiyo mshipi ya abiria usiguze," alisema Victor, mwenye gari, akipokea pesa na kumpa funguo bila kumtazama usoni. "Wacha tu vile iko."

"Si ni sensa ya kengele imekufa? Hiyo ni kitu ndogo, bro."

Victor alikuwa ameshaanza kuondoka.

Nyumbani, Celine mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii, na Amolo aliapa kwamba safari hii mama na mtoto watafika hospitali kwa gari lao wenyewe. Gari la kukwaruza tumbo kila tuta, eti la mjamzito! Lakini mwanamume akishapenda mngurumo wa injini, nani atamwambia kitu?

Alilisafisha siku mbili pale kazini Kabiro. Kila alipokamua kitambaa, kilitoka ute wa manjano, vuguvugu kama jasho, wenye nywele za mvi na vipande vya kucha. Zulia lilikauka asubuhi, na kufikia adhuhuri likawa limelowa tena. Hamu ya chakula ilimtoka kabisa. Hata hivyo hakukubali kushindwa, na Celine alipomletea chakula mchana wa siku ya tatu, alimfungulia mlango kwa madaha na kuufyatua ule mshipi.

"Amolo, hii kitu inanuka," Celine alinong'ona, leso puani.

"Kaa tu kidogo, mama. Uskie vile kiti iko soft."

Akakaa. Kengele ikalia, ting, ting, ting, kama ipasavyo kwa mtu asiyefunga mshipi, na kabla Amolo hajaufikia mshipi, Celine alikwisha kuruka nje akipiga kelele kwamba hakukalia kiti, amekalia mapaja, mapaja ya mtu, laini, yenye unyevu, yaliyokuwa yakifunguka polepole chini yake, na huku amejishika mlangoni akitapika mpaka machozi yakamtoka, kiti kikiwa kitupu machoni pa wote wawili, ile kengele iliendelea kulia, ting, ting, ting, halafu ghafla ikanyamaza.

"Umeona?" alisema Amolo. "Sensa tu." Akaufunga mshipi, akapangusa mikono kwenye suruali, akamsindikiza mkewe hadi barabarani.

Lakini ule ute haukutoka mikononi kwa sabuni wala kwa petroli. Kufikia saa kumi, hasira na kinyaa vilimfanya ampigie Victor.

"Uliifungua?" Victor aliuliza, sauti chini.

"Nishaifunga tena."

"Ukiifunga, ilikuwa bado inalia?"

"Zi. Ilikuwa imenyamaza."

"Buda, kengele ikilia, hiyo kitu iko kwa kiti. Ikinyamaza kabla hujafunga, imeshuka. Nani alikuwa kwa mlango?"

Amolo alikata simu. Alikimbia kuelekea nyumbani, akiruka mitaro na kupigana vikumbo na watu.

Harufu ile ile ya garini alikutana nayo ngazini. Celine, aliyekuwa akitapika kwa harufu ya kitunguu tu, alikuwa ameketi kitandani na sufuria mapajani, akikwangua mafuta baridi yaliyoganda kwa vidole na kuyalamba taratibu. Kidevu kilimng'aa. Tumbo lilikuwa wazi, limelowa, na unywele mmoja wa mvi ulikuwa umenata kwenye kitovu.

"Mbona unahema hivyo?" aliuliza kwa upole. "Kuja uskie. Mtoto ametulia vizuri leo."

Amolo alipiga magoti. Alitaka kukimbia, lakini huyo alikuwa mkewe, na humo alikuwamo mwanawe. Akafumba macho, akaweka sikio kwenye ile ngozi yenye utelezi, akisikiliza moyo wa mtoto.

Ting. Ting. Ting.